Kamba Uliyoiacha Kwenye Msumari

Baba,

Shikamoo.

 

Nimeacha mstari mmoja wazi hapo, wa Marahaba yako.

Arobaini yako imepita wiki tatu sasa. Turubai limerudishwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na mama ameanza tena kuwasema majirani, kwa hiyo ujue anaendelea vizuri. Mimi sijambo kiasi. Cherehani inazunguka, wateja wanalalamika kama kawaida. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni na sina wa kumweleza. Nikimwambia mtu kwamba mimi Hawa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, namwonea wivu mbwa, watanipeleka kusomewa.

Ndiyo, baba. Mbwa. Bisi wa Mama Filo wa kule Upanga, yule mtoto wa mbwa wa rangi ya karanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, ambaye akiona hata kipande cha gazeti kinapeperuka anaruka kama bisi kwenye sufuria. Huyo ndiye aliyepata asubuhi yako ya mwisho.

Mimi nilikuwa nimelala. Uliswali alfajiri, ukavaa koti lako linalonuka dagaa, ukapita mbele ya mlango wangu ukaenda Upanga kwa miguu, kama ulivyokwenda miaka ishirini na nane kutembeza na kufundisha mbwa wa watu. Hukuniamsha. Ungeniamsha ya nini? Ulikuwa unarudi mchana. Ukamtembeza Bisi, ukamrudisha, ukakaa kwenye ngazi za ghorofa upumzike. Mama Filo aliposhuka na kikombe chako cha chai alikukuta umeegemea ukuta, kamba bado iko mkononi, na yule mbwa ameweka kidevu juu ya kiatu chako. Wewe ulikuwa umeshakwenda.

Wanaume wakakuosha. Wanaume wakakubeba, wakakuzika, wakarudi na udongo kwenye viatu. Sisi wanawake tulibaki kwenye mikeka. Mimi nilipata shuka lako la kufua. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, baba, mbwa alikuaga na mimi sikukuaga. Nilimchukia siku ileile, na kumchukia kiumbe asiyejua kitu ni kazi ngumu, lakini niliiweza.

Na usidhani wivu huu ni wa juzi. Unakumbuka kopo la udongo? Lile la maziwa ya unga, pale uani karibu na bomba. Ulipokuwa unarudi kutoka Upanga nilikuwa nakimbia kukupokea, na kila siku mama anapiga kelele jikoni, "Usimguse baba yako! Hajajitwaharisha!" Nasimama hapo mikono imeninyooka. Wewe unachuchumaa, unanawa mate ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, na mimi nahesabu. Ukifika saba hamu imeshaniisha. Mbwa wa watu walipata mikono yako ya moto. Mimi niliipata ya baridi, inanuka sabuni ya mche.

Shuleni waliniita mtoto wa Baba Mbwa. Hilo sikukuambia wakati ule, na sasa nimekuambia.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu. Kabla hujaanza kazi Upanga, ulipokuwa bado mpagazi Kariakoo, Jumapili ulikuwa unanichukua sokoni. Nilikuwa na miaka minne na sishikiki. Nikiona mdoli nimeruka, nikiona embe nimeruka. Mama akachana kanga yake kuukuu, akafunga upande mmoja mkononi kwako na upande mwingine mkononi kwangu, watu wasije wakanibeba. Nikivuta, unasimama katikati ya mtaa kama nguzo. Watu wanakutukana, wewe umetulia tu. Nikirudi mguuni kwako, unagonga ulimi juu ya kaakaa, ko, ko, halafu unanimegea kashata. Mlio ule sikuwahi kumsikia baba mwingine akiutoa. Hata nilipokua, kamba ya kanga ilipokwisha kazi, nikikupotea kwenye msongamano nilikuwa nasikiliza tu. Ko, ko. Nakuona.

Sasa sikia kilichotokea baada ya wewe kuondoka.

Mama Filo alikuja msibani, mzee wa watu, na fimbo yake na gauni lake jeusi. Alileta kamba yako ya mbwa imefungwa kwenye gazeti. Mama akaitundika kwenye msumari wake pale uani, juu ya kopo, kama vile utaitaka kesho. Wiki mbili baadaye Mama Filo akapiga simu. Bisi alikuwa amemvuta kwenye ngazi, akaanguka, mkono ukateguka. Mwanawe amekasirika, amesema mama hawezi kuuawa na mbwa, na mwisho wa mwezi atampeleka Bisi akalinde ghala Buguruni. Atafungwa mnyororo mlangoni basi, maisha yake yote. Baba yako alikuwa amebakiza kidogo tu kummaliza kumfundisha, Mama Filo akasema. Kidogo tu Hawa. Huwezi kunisaidia?

Nilijibu nitaona. Moyoni nikasema, aende. Akafungwe. Na yeye ajue kukosa.

Aliyenitoa ndani ni mama, na hilo mpaka leo silielewi, maana unamjua mama na mbwa. Alikuwa anachambua mchele, hata uso hakuinua. "Baba yako hakuwahi kuacha kazi nusu. Nenda kamalizie."

Basi nikaenda. Nilivaa glavu za mpira za kufulia, zile za manjano, zinafika kwenye kiwiko, nikashika kamba yako kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Upanga mzima walinicheka, mpaka wale wa bajaji. Bisi aliniona, akainusa kamba, kisha akaninusa mimi, akaanza kulia. Si kubweka. Kulia. Halafu akanivuta kutoka mlangoni mpaka kwenye mwarobaini wa jirani, sandali moja ikabaki nyuma.

Mama Filo alikuwa ananielekeza kutoka kibarazani na mkono wake wenye bandeji. "Kamba ikikaza, simama. Usimvute, usimfokee. Simama tu. Ikilegea, mpe dagaa, twende. Halafu babako alikuwa anapiga ulimi, hivi." Akajaribu. Meno yake ya bandia yakamkatalia. "Ah, wewe utakuwa unajua."

Nilihisi kama mtu kanipiga kofi. Baba! Mlio wangu! Nilikuwa nadhani mbwa walipata mikono yako tu, kumbe na huo uliwapa. Miaka ishirini na nane unagawa kitu changu Upanga, kwa vijibwa vya kila namna, kama pipi.

Nikamwambia sijui. Nimesema uongo mbele ya picha ya Bikira Maria wake, na sikujuta.

Kwa hiyo nilimfundisha Bisi bila ule mlio. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Akivuta, nasimama. Akilegeza, nasema "safi", nampa dagaa. Alikuwa anakula dagaa na safi yangu haijui. Jambo moja lilikuwa linanikera kuliko yote. Kila kamba ilipolegea, alikuwa anageuka, anainua ule uso wake, anatazama mdomo wangu. Anasubiri. Mimi namtazama na yeye ananitazama, kila mmoja anajua mwenzake anajua nini. Halafu anakata tamaa, anavuta tena. Kila kukicha tulikuwa tunaanza upya. Zikabaki siku nne mwezi uishe.

Uliwahi kusema mbwa anayepita Kariakoo bila kuvuta amehitimu. Kila mwanafunzi wako, siku ya mwisho, ulimpitisha kule mapema maduka yakifunguliwa. Nikasema sawa, nimpeleke akashindwe mbele za watu, yaishe. Ndiyo, nilikwenda nikitaka ashindwe. Usiniulize zaidi.

Asubuhi ile sikuwa na glavu, Bisi alikuwa ameshakula moja. Tulipita kituo cha Fire, tukashika barabara ya Msimbazi. Unajua watu walivyo. "Dada, shika huyo mbwa bwana, mi natoka kutia udhu!" Mwingine anasema, "Si binti wa marehemu Mzee Saidi huyo? Jamani, na yeye karithi!" Nikavumilia. Tulipoingia kwenye mitaa ya ndani Bisi alikuwa amepagawa. Mashuka, mabeseni, jogoo kwenye tenga, anataka vyote. Kisha akaona gunia la dagaa liko wazi mbele ya duka moja.

Alivuta, baba, sijawahi kuvutwa hivyo. Nikasimama. Nyuma yangu mkokoteni. "Sista, njia! Wewe sista, umeota mizizi?" Sikusogea. Watu wananipita huku na huku wananitukana, mkono unataka kung'oka, na palepale ndipo nikajiona. Pale ndipo ulipokuwa unasimama. Huenda si jiwe lilelile, lakini ni mtaa uleule, na matusi ni yaleyale. Upande wa pili wa kamba nilikuwa mimi.

Bisi akachoka. Kamba ikalegea. Akageuka akaja mpaka mguuni kwangu, akainua uso, akatazama mdomo wangu.

Nikaminya midomo. Nilitaka kusema safi. Ulimi wenyewe ukapanda.

Ko, ko.

Bisi akakaa chini hapohapo, kwenye vumbi, mkia unafagia. Lakini sikuwa namtazama yeye. Mzee mmoja muuza kahawa, ng'ambo ya mtaa, alikuwa amegeuka ghafla na birika mkononi anaangaza macho juu ya vichwa vya watu. Akaniona mimi. "Aa," akasema. "Nilidhani Mzee Saidi." Baba, na mimi nilikuwa nimegeuka. Nimeutoa mlio mwenyewe kwa kinywa changu, na bado niligeuka kukutafuta.

Nililia pale mbele ya gunia la dagaa. Mwenye duka akanipa kiti, kwa mbali kidogo kwa sababu ya mbwa.

Tukatembea mpaka Upanga kamba imelala. Mama Filo alinikuta nimekaa kwenye ngazi, ngazi zako, nikamweleza yote. Uongo wangu, wivu wangu, mlio. Nilidhani ataona nimechanganyikiwa. Akakaa kando yangu polepole, akaishika kamba pale kwenye mpini, ulipouzungushia kitambaa kisikukate kiganja. Mimi kwa sababu ya glavu sikuwahi kukitazama. Fundi cherehani mzima, nikashindwa kuijua kanga ya mama yangu. Rangi imekwisha, lakini pindo lilikuwa lilelile.

"Siku ya kwanza babako alikuja na hiki mfukoni," Mama Filo akasema. "Hakuwa na kamba. Mbwa wangu wa wakati ule alikuwa mkorofi, kashawashinda watu wawili. Nikamuuliza, umewahi kufundisha mbwa? Akasema hapana, mama. Lakini nina binti nyumbani, na yeye ameshanifundisha mimi."

Miaka yote nimekaa uani nahesabu mpaka saba nikidhani nimewahiwa. Kumbe hao mbwa wote, wakubwa na wadogo, wamepita nyuma yangu kwenye kamba yangu.

Mwanawe alikuja mwisho wa mwezi. Mama Filo alishuka ngazi na Bisi pembeni yake, ngazi moja moja, kamba imelegea mpaka inagusa chini. Mwanawe alijaribu kutafuta kosa akakosa. Bisi anabaki. Mimi naenda kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani, maana anasahau upesi na anaruka bado, hasa akiona njiwa.

Kwa ile asubuhi yako ya mwisho bado namwonea Bisi wivu. Sitakudanganya. Wakati mwingine anaweka kidevu juu ya kiatu changu na namwambia, nionyeshe basi, alikaaje? Alisema nini? Hasemi, mjeuri.

Jana nimerudi nyumbani nikakuta mama ameniwekea kopo la udongo pale bombani na maji ameshakinga. Nikachuchumaa nikanawa, na yeye jikoni akawa anahesabu kwa sauti mpaka saba. Kisha akaja akanishika mikono yote miwili ikiwa bado imelowa.

Baba, naomba radhi kwa yote niliyokuwa nawaza. Pumzika. Mama nitamtunza, Bisi nitammalizia, na kamba itarudi kwenye msumari wake kila siku. Tangu uondoke nimekuwa navuta. Nakuvuta urudi, usiku na mchana, na wewe umesimama tu, umetulia. Nimeelewa. Nakuahidi sitavuta tena.

Leo nimelegeza kidogo. Ukisikia kamba imelegea, unajua cha kufanya.

Mwanao,
Hawa