Mahindi Yaliyosimama

Kitale,
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba Baba bado anakuficha chumvi kama daktari alivyosema. Sisi tuko salama. Najua ungependa nipige simu, lakini kwa simu ungenikatiza, na leo naomba unisikilize mpaka mwisho.

Uliwahi kuniuliza mahindi yangu ya utafiti yana faida gani. Baba anaweza kukueleza, maana pale kiwanda cha karatasi Webuye walikuwa wakichemsha mbao ili kuondoa lignini, ule ugumu unaoushikilia mti usimame. Bua la mahindi nalo linayo. Hujengwa na vimeng'enya ndani ya mmea, kila kimoja na kazi yake, kama mafundi wa nyumba moja. Lignini ikizidi, ng'ombe hutafuna tu na asipate nguvu. Ikipungua, upepo unalaza shamba. Sisi tulipanda aina kadhaa zenye upungufu wa kimeng'enya kimoja, tukitafuta bua laini la kulisha ng'ombe.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ikanyesha mvua ya mawe yenye upepo. Asubuhi Zuena, mwenzangu wa maabara, alinipigia akilia, akasema hata nisije, hakuna cha kuangalia. Nilienda. Shamba karibu lote lilikuwa limelala kwenye tope, na wakubwa walikuwa wameshatuonya kwamba msimu ule ukiharibika, mradi unafungwa. Nilisimama pale na gambuti zangu, nikalia pia.

Ndipo Zuena akaniita kutoka upande wa chini. Mistari miwili ilikuwa wima, mshipa wa kati wa kila jani una rangi ya kahawia nyekundu. Tulidhani tulichanganya mbegu. Tulipopima, kile kimeng'enya hakikufanya kazi hata kidogo. Mmea ule ulichukua malighafi nyingine, ambayo kwa kawaida huitumia kidogo sana, ukajijengea lignini ya aina yake. Mkulima mmoja wa Kachibora alilisha ng'ombe wake mabua hayo, naye anasema maziwa yameongezeka. Mradi unaendelea, Mama.

Sasa nifike kwa lile lililonikalisha kuandika. Miaka hii yote umeniombea mtoto, na hujawahi kuniumiza kwa swali. Daktari alishatuambia mimi na Kiplangat kwamba sitashika mimba. Sikuweza kulitamka mbele yako.

Kuna makao ya watoto hapa mjini ambako Kiplangat hutengeneza mabomba ya maji. Alikuwa amenitajia mara nyingi msichana mdogo wa pale, na kila mara nilibadilisha mazungumzo. Jioni niliyomsimulia jinsi ile mistari miwili ya mahindi ilivyosimama kwa njia nyingine, aliosha vikombe vyote, halafu akasema, "Nelima, si twende tumwone tu yule mtoto?"

Tulienda. Yule mtoto alinipa kiatu chake nimfungie kamba, akaendelea kula ndizi.

Anaitwa Nasimiyu, kwa kuwa alipokelewa wakati wa kiangazi. Ana miaka mitatu. Tangu Januari anaishi nasi, ndiyo maana nimekuwa nikija Kanduyi peke yangu na kuondoka haraka haraka. Wiki hii mahakama imekubali: ni mtoto wetu. Niliogopa ukoo utauliza ni wa damu ya nani. Bado naogopa. Lakini wewe ukimbeba mbele yao, nitaweza kuvumilia maneno ya wengine.

Tutafika Jumamosi, sote watatu. Msalimie Baba, umsomee barua hii polepole, na majirani wape salamu zao. Nimemfundisha Nasimiyu kukuita Kukhu, kama sisi tulivyomwita bibi yetu. Yeye amesikia kuku, na tangu jana ananiuliza kama una mabawa. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Nelima