Ufunguo Niliourejesha

Jumatano, baada ya Magharibi

Na kaka yangu Salim hata haya hakuona! Miaka saba nilimuuguza Baba peke yangu katika nyumba hii ya Mji Mkongwe, yeye huko kwake Kiembe Samaki, akija sikukuu hadi sikukuu.

Leo kadhi aliisoma karatasi ya Baba polepole: "Nikifa, nyumba hii ni ya binti yangu Zuhura." Akavua miwani.

"Bi Zuhura, lau angekupa yu hai, akahama, akakukabidhi nyumba, ingekuwa hiba na hakuna wa kukugusa. Hii imesubiri kifo, basi ni wasia. Na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake waridhie."

Akamgeukia Salim. "Unaridhia?"

"Siridhii, shekhe. Iuzwe, kila mtu achukue fungu lake."

Hakuniangalia. Wiki ijayo watakuja wanunuzi kupima vyumba, labda niwapikie na chai.

Lakini si Salim anayenichoma moyo. Mwaka juzi Baba alifunga mkoba wake wa nguo, akaniwekea ufunguo wa mlango mkubwa kiganjani. "Nyumba yako hii, mwanangu. Mie nnakwenda kukaa kwa dada yangu, kule mtaa wa Amani."

Nami na adabu zangu nikalia, nikamrejeshea. "Baba, watu watasema nimekufukuza!"

Akacheka, akaufungua mkoba. Kesho yake ndo akaandika ile karatasi.

Sasa nafukuzwa mimi, na watu hao hawasemi neno.