Neno Moja Kwenye Karatasi ya Shamba

Ganda, Jumatano jioni

Temporari. Neno hilo la Kizungu limenikera tangu asubuhi.

Liko kwenye karatasi ya mwenye shamba: tujenge nyumba za temporari tu. Ndiyo maana miaka arubaini baba aliishi kwenye udongo na makuti. Hakuruhusiwa kupanda hata mnazi mmoja, maana mnazi hukaa sana. Akapanda mihogo.

Leo msimamizi wa shamba alinikuta nachimba kando ya nyumba. Nikamwambia kwamba baba amefariki, tunamzika kesho, hapa kwake, kama desturi yetu.

"Pole sana, kaka. Lakini kaburi si temporari."

Nikamuuliza kwani hilo neno maana yake nini hasa.

"Kitu cha kuondolewa. Nyinyi mkiambiwa mhame, mtahama. Yeye atahamaje?"

Nikaliweka jembe chini.

Kesho tunampeleka Magarini kwa binamu yake mwenye hati ya ardhi, mahali ambapo baba hakuwahi kulala hata usiku mmoja.

Shimo nimelifukia. Udongo ulikuwa laini, nikachomeka vijiti vya muhogo. Hivyo vinaruhusiwa.