Namshuku Mke Wangu Kuvujisha Majibu ya Fumbo

Mama Mshauri, nisaidie kabla sijavunja nyumba yangu kwa mdomo wangu. Mimi ni Placide wa hapa Baraka, kila Alhamisi natunga fumbo la maneno la redio ya mtaani kwetu, nachora miraba ubaoni pale langoni watu wananakili, na si maswali ya kitoto, mama, kwangu neno linafichwa ndani ya neno, kwa mfano niliandika "dalili ya uzee imejificha ndani ya chumvi, herufi tatu", jibu ni mvi, ukiangalia vizuri neno chumvi unaikuta mwishoni, na kwa miaka mitatu hakuna aliyejaza miraba yote, ninayemtangaza Jumamosi huwa aliyejaza mingi kuliko wenzake, hata mwalimu Isidore anaishia nusu, halafu tangu Pasaka mama mmoja muuza maziwa, Gatesi, wa wale waliokimbia vita wakashuka kutoka Bibokoboko kule milimani, anajaza yote kila wiki bila kufuta hata herufi moja, na karatasi yake inaletwa redioni na nani? Na Constance, mke wangu, anayenunua maziwa kwake!

Basi nikaanza kuficha daftari langu chini ya godoro, Gatesi akaendelea kushinda, nikategesha mtego, lile la chumvi nikalitunga palepale ubaoni chaki mkononi, halikuwemo daftarini kabisa, naye akalipata, ndipo nikajua wako wengi, wana mtu wao hata redioni, na Jumamosi nne sasa natangaza kwamba hakuna mshindi. Nilipombana Constance akanijibu, "Mi sijamuonyesha kitu. Ule mama iko anafikiri na kichwa yake. We unakatala juu ya nini? Sababu iko muntu ya ku milima?" Akafunga nguo zake akaenda kwa dada yake kule Kazimia, kando ya ziwa, nami nimepanga Jumamosi hii kumtaja Gatesi hewani kuwa ni mwizi, lakini nimeona nikuandikie kwanza. Nifanyeje?

MAMA IMMACULÉE ANAJIBU

Placide, weka chaki chini kwanza. Pole kwa nyumba iliyonyamaza, najua kula peke yako kunavyochosha. Lakini baba, ulitega mtego, na mtego ukawasafisha wote wawili! Neno lililokuwa kichwani mwako tu, nani angelivujisha? Mwingine angeomba radhi siku hiyohiyo. Wewe ukaongeza mwizi wa tatu.

Na Constance alikuuliza swali, hukumjibu, hata katika barua hii umelipita kimyakimya. Nalirudia mimi. Mwalimu Isidore angejaza miraba yote, ungeficha daftari chini ya godoro? Ungempigia makofi. Mama wa watu ameacha mashamba na ng'ombe, amekaa na maneno yako kuliko sisi tuliozaliwa hapa, na wewe unamwona mwizi. Miaka mitatu umetamani mtu mmoja akuelewe, amekuja, unamfukuza. Nimekasirika, sikufichi.

Hiyo ya kumtaja hewani acha. Nasema acha! Unaujua mji wetu. Neno la namna hiyo juu ya mtu wa milimani haliishii kwenye fumbo. Kesho yake watu wangesimama mlangoni kwake, nawe ungebaki kuapa kwamba hukukusudia.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi nenda sokoni, umwombe mama Gatesi radhi mbele ya wateja wake, usimvute pembeni. Kisha umwombe akueleze alivyolipata lile la chumvi, na akieleza usimkatize, maana nakuona kabisa ukitaka kumkatiza. Jumamosi soma jina lake kwa ushindi wa wiki zote nne, pamoja na kijiji alikotoka, kwa sauti ileile unayowasomea wengine. Redio yenu inafika Kazimia, Constance atasikia. Jumapili panda mashua umfuate. Ila kama jina hilo hujalisoma, usipoteze nauli yako.