Ngazi ya Upande wa Abiria

Binti yangu, daktari wa mifugo mwenye gari jipya,

Picha za gari zimefika, nami nimezitazama mpaka mama yako akaniuliza kama natafuta mchumba. Sisi hatujambo. Kuku wake sasa wanataga ndani ya viatu vyangu.

Umeniomba ushauri, na mimi sikuendesha malori ujana wangu wote bure. Hizo taa za juu ya paa achana nazo. Unaenda kutibu ng'ombe au kuvua samaki usiku? Nunua kamba nene ya kuvutia gari, pampu ya upepo, na mikeka ya mpira, maana kinyesi cha ng'ombe hakiheshimu zulia. Tafuta na kipande cha ubao mgumu. Ukikwama matopeni, jeki isiyo na ubao chini yake inazama na kukuacha hapo hapo.

Halafu ngazi ya pembeni. Fundi atakwambia gari la porini hupendeza bila ngazi. Mwache aseme, lakini aifunge, upande wa abiria, iwe chini kabisa. Siku hizi mguu wangu wa kulia hausikii ninachouambia. Mama yako anadhani ninakaa kitandani kuvaa suruali kwa uvivu, na mwache adhani hivyo hivyo.

Ukija kunichukua kwa ile safari uliyoniahidi, usishuke kunishika mkono. Washa injini, tazama mbele kama dereva. Nitapanda mwenyewe.

Ni mimi utingo wako,
Baba