Divai ya Chacha wa Nyamisangura

Jumanne, 3 Julai 1956
Nimeosha vikombe, nikaonja mapipa yote ya divai kama kawaida. La kwanza jepesi, tamu, linaisha upesi mdomoni. La pili zito, harufu ya zambarau na moshi kidogo, ukakasi unaokaa. La tatu limekuwa siki. Nilitema.
Baba alikuwa akinisubiri kitandani. Kidonda cha ulimi kimemnyima kuonja tangu mwaka jana, na hospitali ya Musoma wamemrudisha afie kwake. Nilimwambia yote, hata la siki. Akageukia ukutani.

Ijumaa, 6 Julai
Baba mdogo Marwa alikuja. Keshokutwa mpishi wa kambi ya wawindaji, huko Robanda, anakuja kuchagua divai. Baba mdogo anataka nichanganye la tatu na la pili. Wazungu hawatajua, anasema.
Anasema pia kwamba mizabibu ni wazimu wa askari. Baba aliijua kwa mateka wa Kiitaliano aliowalinda wakati wa vita. Shamba hili ni malisho, anasema, na Baba hana mtoto wa kiume. Mimi ni binti, nasubiri ng'ombe wa kuolewa. Kaka yake akifa, shamba ni lake. Aliyasema hayo Baba akisikia.
Namchukia.

Jumapili, 8 Julai
Mpishi amefika baada ya kanisa. Mzee Wambura, Mwikoma, mpole. Nilimwamkia shikamoo, tukaonja. Nilimshauri la kwanza liwe la wageni wanapowasili, na la nyama ya kuku. La pili ni la nyama ya pofu wanaowawinda, lifunguliwe mapema lipumue. Akauliza la tatu. Baba mdogo alikuwa mlangoni.
"Limeharibika, mzee. Usilinunue."
Mzee Wambura akanitazama, akachukua yale mengine mawili. Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Malipo Mama aliyapokea, hakusema atayafanyia nini.

Jumatano, 11 Julai
Baba amefariki alfajiri.
Jana jioni aliomba nimsimulie tena pipa la pili. Maneno yalimtoka kwa shida.
"Polepole, Bhoke."
Nikasimulia polepole. Alifumba macho. Sijui alisikia hadi wapi.

Jumatatu, 16 Julai
Matanga hayajaisha. Baba mdogo amefungulia ng'ombe wake kwenye mizabibu. Wamekula majani, wamevunja miti ya kuegemeza. Niliwarushia mawe. Akanipiga fimbo begani mbele ya waombolezaji. Hakuna aliyenyanyuka ila Mama.
Jioni hiyohiyo Mama alinieleza. Alhamisi alimtuma mjomba mnadani, na fedha za divai zimekuwa mitamba. Hakuniambia ya nini.

Jumamosi, 21 Julai
Wazee wa ukoo wamekaa kuamua shamba. Baba mdogo alisema sana. Kisha Mama akasimama.
"Nina mitamba. Nitamwoa binti kutoka Kewanja, azae kwa jina la mume wangu Chacha. Nyumba hii haijafa."
Mila inamruhusu mama asiye na mtoto wa kiume kuoa mke wa kuizalia nyumba yake, na wazee walilijua hilo kabla hajakaa. Walikubali, lakini nusu tu. Sehemu ya chini ni yetu. Ya juu, yenye mawe, ile inayozaa divai nzito, wamempa Baba mdogo.
Mama anasema tumeshinda. Mimi sioni hivyo.
Binti anaitwa Robi, rika langu. Baba yake amekwisha kuwapokea mitamba. Sikusikia mtu akisema Robi ameulizwa.

Jumanne, 31 Julai
Robi ana siku chache hapa. Leo tumekata mashina yaliyokanyagwa. Hajawahi kuuona mzabibu. Nilimwonyesha jicho la kuacha lichipue na mahali pa kukata. Anakata vizuri.
Mchana alikwenda nyuma ya ghala, akalia. Nilimwacha. Baadaye nikaenda nikakaa karibu naye. Huko juu kengele za ng'ombe zilikuwa zikisogea kwenye mawe. Tulikaa hadi Mama alipotuita kula.