Benki Mbele, Serikali Nyuma

Moroni, Alhamisi

Eti "mke wangu hayaelewi mambo haya." Mbele ya karani wa mikopo ya nyumba, ofisini kwa gavana, na mimi nimekaa palepale!

Nayaelewa sana. Nyumba yangu ya hapa mjini, mtaa wa Badjanani, tuliipanua kwa mkopo wa serikali, kwa hiyo serikali ndiyo yenye haki ya kwanza juu yake. Sasa mume wangu Mahamudu anataka mkopo mkubwa zaidi, na benki haikubali kuwa nyuma ya mtu. Karani akasema serikali iko tayari kurudi nafasi ya pili, mradi mwenye nyumba atie saini.

Mahamudu akashika kalamu. Karani akamnyang'anya, akanipa mimi.

"Nyumba ni ya bibi, bwana. Kwani kwenu Mutsamudu si hivyo hivyo?"

Nikauliza, tukishindwa kulipa? Benki inauza, inachukua chake, kinachobaki ni cha serikali. Na mimi? Karani akanisogezea karatasi, akanionyesha pa kutia saini.

Na fedha zenyewe ni za harusi yake. Anaoa mke wa pili kwao Mutsamudu. Aliniambia juzi kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamwambia kwa upole kwamba nitatia saini Jumatatu. Akanibusu mkono, mjinga yule. Kesho anapanda ndege kwenda Ouani, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa chao, akawaalike wazee wa mji na kuchagua ng'ombe.

Sitatia saini. Ningeweza kumwambia leo, lakini acha awaalike kwanza.